Kilebu si askari wa lango

Ujumbe uliingia katika simu yangu mwendo wa saa tisa usiku, nami nilipouona asubuhi nilijua hali ya aliyeuandika hata kabla sijausoma. Ni mama wa watoto watatu anayeishi Umoja, hapa Nairobi. Baba watoto aliwaletea mtoto wa mbwa kama zawadi ya mitihani, na tangu siku hiyo, wiki 3 sasa, nyumba haina amani. Mbwa anakojoa sebuleni. Akitolewa nje anacheza na majani makavu, akirudishwa ndani tu anachuchumaa kando ya kochi. Amewauma watoto vidole na vifundo vya miguu hadi kitinda mimba anapanda juu ya meza kila akimwona. Ametafuna kiatu cha shule, cha kushoto. Usiku analia mpaka jirani wa juu anagonga sakafu. Na kana kwamba hayo hayatoshi, fundi wa mabomba alipofika Jumamosi, mtu ambaye mbwa hajawahi kumwona, alimtikisia mkia na kulala chali ili akunwe tumbo.

Baba watoto amekata kauli. Mbwa huyo ana kichwa kigumu, asema, na ni moja kati ya mawili: ama apelekwe kwa nyanya mashambani, ama afungwe mnyororo huko nje karibu na tangi la maji mpaka ashike adabu. Mama alitaka nimwambie lipi ni afadhali.

Nilimjibu kwa maswali mawili. La kwanza, mbwa ana umri gani? Wiki 11, akasema. La pili, kifungua mimba wake alianza kwenda msalani peke yake, bila kukumbushwa na mtu, akiwa na umri gani? Hilo hakulijibu, ila alinitumia kile kikatuni cha uso unaocheka.

Msomaji, kama una mwana katika shule ya msingi, hebu mwulize mtoto wa mbwa huitwaje. Atakujibu pasi na kusita: kilebu. Wamekaririshwa orodha hiyo, ng'ombe na ndama, mbwa na kilebu, nzi na buu, na wanaipatia alama zote. Ajabu ni kwamba sisi wazazi tukishamleta kilebu nyumbani tunalisahau neno hilo siku iyo hiyo na kuanza kumdai kazi za mbwa. Lalama nyingi ninazozisikia kuhusu mbwa wachanga hapa mjini, ukizichunguza, utakuta ni lalama kuhusu umri tu.

Tuanze na haja, kwa maana ndiyo inayowafukuzisha vilebu wengi.

Kilebu wa miezi 2 ana kibofu kidogo na misuli ya kukibana haijakomaa. Wafugaji wana kipimo chao rahisi: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, na hizo ndizo saa ambazo huenda akaweza kujizuia akiwa ametulia. Wa miezi 2, basi, ni saa 3 kwa bahati njema. Akiwa anacheza, ametoka kula au ameamka sasa hivi, usihesabu saa, hesabu dakika. Sasa fikiria nyumba ambayo baba na mama wameondoka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi matatu, watoto wako shuleni, na yaya yuko nje anafua. Kilebu amefungiwa jikoni hadi saa kumi jioni. Ukirudi ukakuta sakafu kavu, nipigie simu, nitakuja na mpiga picha.

Dawa yake inachosha lakini haina siri. Mtoe nje kila aamkapo, kila amalizapo kula, kila aachapo kucheza, na kabla ya kulala. Kati ya hayo, akiwa macho, mtoe kila baada ya saa moja hivi. Mpeleke mahali pale pale, kwa sababu harufu ya jana humkumbusha kilichomleta. Simama kimya. Usicheze naye wala usizungumze na simu. Akimaliza, papo hapo, msifu na umpe kitu kidogo anachokipenda. Omena mmoja mkavu hufanya maajabu. Ukingoja hadi mrudi mlangoni ndipo umpe, umemlipa kwa kurudi mlangoni. Je, asipokojoa? Mrudishe ndani, mweke karibu nawe ukimtazama, kisha umtoe tena baada ya dakika 10. Huyo wa Umoja alikuwa anatolewa kwa dakika 2, watoto watatu wakimkimbiza na kupiga mayowe, halafu akilaumiwa kwa kusahau alichoendea.

Mnaoishi ghorofa ya nne najua mnaguna. Ngazi nazo? Kwa wiki za kwanza tafuta beseni pana au trei kuukuu, utie udongo na kipande cha nyasi, uliweke kwenye roshani. Itakufaa hata kwa sababu nyingine nitakayoitaja huko mbele.

Na akikosea? Kuna dawa ya kale ambayo hata baba yangu aliiamini, ya kumsugua mbwa pua kwenye mkojo wake. Tafadhali iache. Kilebu aliyekojoa nusu saa iliyopita hawezi kuunganisha tendo hilo na hasira yako ya sasa. Anachojifunza ni kwamba binadamu huwa hatari karibu na mkojo, na kuanzia hapo atajificha nyuma ya kochi kukojoa, nawe utasema ni mjanja. Utaniambia kwamba mbona anajua amekosa, mbona anainamisha kichwa na kukwepa macho? Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alilipima jambo hilo. Aligundua kuwa mbwa walitoa ule uso wa hatia pale walipogombezwa na wenyewe, wawe wamekosa au hawakukosa. Ule uso si ungamo. Ni mbwa anayekuomba usimpige.

Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi kidogo kumshtua, mbebe, mmalizie nje. Ukikuta dimbwi bila mwenyewe, kaa kimya, chukua kitambaa. Osha kwa sabuni na maji, kisha pangusa kwa siki ili harufu isibaki ya kumwita tena. Usitumie dawa yenye amonia, maana kwa pua ya mbwa hiyo ni mkojo mwingine. Na tarajia miezi, usitarajie wiki. Mbwa wengi huaminika wakikaribia miezi 6, wengine huchukua hadi mwaka. Wiki ya ukavu itafuatwa na siku mbili za mafuriko, na hiyo haina maana kwamba kazi yako imeharibika.

Sasa meno. Kilebu ana meno 28 ya utotoni, makali kama sindano. Yanaanza kung'oka akiwa na takriban miezi 4, na akifika miezi 7 hivi amekwisha kuota yale 42 ya ukubwani. Katika muda wote huo ufizi unawasha na kila kitu kinajaribiwa mdomoni, kwa kuwa mbwa hana mikono. Kuuma kwake katika umri huo ni mchezo. Ndivyo alivyocheza na nduguze, na ni hao nduguze waliomfunza kwamba ukiuma sana mwenzako hupiga ukelele na mchezo kwisha. Ndiyo sababu kilebu hafai kutengwa na mama yake kabla ya wiki 8. Wale wanaouzwa kando ya barabara wakiwa wamepakatwa wawili wawili, macho yakiwa bado na ukungu, mara nyingi wametolewa mapema mno, na somo hilo hawakulipata. Ni wewe utakayelifundisha.

Lifundishe hivi. Akiuma ngozi, simamisha mchezo ghafla. Mkono usimame, sauti ikome, geuka au utoke chumbani kwa nusu dakika. Kisha rudi umpe kitu anachoruhusiwa kutafuna: karoti nzima, fulana kuukuu iliyofungwa mafundo, au kitambaa kilicholowanishwa na kugandishwa kwenye friji, ambacho hutuliza ufizi. Usimpe kiatu kikuukuu ukidhani atatofautisha na kipya. Kwake ngozi ni ngozi. Viatu viwekwe juu, na kile cha shule kilichotafunwa ni kosa la aliyekivua katikati ya nyumba.

Watoto nao wafunzwe upande wao. Mtoto anayekimbia akipiga mayowe ndiye mchezo bora kuliko yote aliowahi kuona mbwa. Waambie wasimame kama mti, mikono kifuani, wasimtazame, hadi apoe. Wasimguse akiwa anakula wala akiwa amelala. Kilebu hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na asipoachwa alale huwa kama mtoto aliyekosa usingizi kwenye arusi, analia na kuuma bila sababu. Mpe sanduku au kikapu pembeni, mahali ambapo sheria ya nyumba ni kwamba akiingia humo haguswi na mtu. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa awe mpole namna gani.

Juu ya kilio cha usiku sitasema mengi. Juzi alikuwa amelala katikati ya mama na ndugu sita, leo yuko peke yake jikoni kwenye saruji baridi. Weka sanduku lake kando ya kitanda chako kwa usiku wa kwanza kadhaa, mkono wako uweze kulifikia, na umtoe mara moja usiku kukojoa. Kwa kawaida kilio hupungua katika wiki moja au mbili, kisha unaweza kulisogeza sanduku polepole hadi unapopataka. Jirani wa juu apelekewe maandazi.

Nimefika kwa lile la fundi wa mabomba, na hapa, msomaji, naomba uniazime sikio, kwa sababu jambo hili mimi mwenyewe nililikosea na aliyelilipia hakuwa mimi.

Mwaka 1996 nilikuwa nimepanga nyumba yenye ua Kahawa West. Wezi walikuwa wamevunja kwa jirani, nami nikanunua kilebu wa rangi ya kahawia nikamwita Simba, kama kila mtu alivyomwita mbwa wake. Hekima ya mtaa wakati huo ilikuwa moja: mbwa wa ulinzi asizoeane na watu. Nilimfunga mnyororo akiwa na miezi 3. Wageni hawakuruhusiwa kumgusa. Kuna mzee aliyenishauri nimtilie pilipili kwenye chakula ili awe mkali, nami, nasikitika kusema, nilimtilia. Sikumpeleka kudungwa sindano, kwa maana niliona mbwa asiyetoka nje ataambukizwa na nani? Na kwa kweli akawa mkali. Kila mtu alimsifu.

Akiwa na miezi 10 mpwa wangu wa miaka 7 alikuja kwetu likizoni. Mpira ukabingirika hadi penye mnyororo. Mtoto alimjua mbwa kwa jina tu, akamwita kwa jina hilo huku akiinama kuuchukua mpira. Simba alimng'ata mkono, hakuuachilia hadi nilipofika na mwiko. Tulikimbia hospitali, tukaulizwa cheti cha chanjo ya mbwa, nami nikawa sina cha kujibu. Mtoto akaanza sindano za kuzuia kichaa cha mbwa siku iyo hiyo. Mbwa tulimtazama siku 10 kama tulivyoagizwa, naye hakuugua chochote. Hakuwa na kichaa. Alikuwa tu mbwa ambaye maisha yake yote aliona ua mmoja, watu wawili na mnyororo, na kila kitu kingine kwake kilikuwa adui. Nilimwita daktari wa mifugo akamlaza. Mpwa wangu leo ni mtu mzima, na bado huvuka barabara akiona mbwa mbele yake.

Ndipo nilipoanza kusoma. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliwachunguza vilebu kwa miaka mingi na mwaka 1965 wakachapisha kitabu walimoonyesha kwamba mbwa ana dirisha fupi la kuuzoea ulimwengu. Dirisha hilo hufunguka akiwa na wiki 3 hivi na kuanza kufungika kuanzia wiki 12 hadi 14. Anachokutana nacho humo bila kuumizwa hukihesabu kuwa cha kawaida. Asichokutana nacho hukiogopa, na mbwa mwoga ndiye aumaye. Wahenga walituambia samaki tumkunje angali mbichi, hawakusema tumvunje.

Kwa hiyo kilebu wa wiki 11 anayemtikisia mkia fundi hajafeli ulinzi. Anafanya kazi ya umri wake, tena vizuri. Mwache akutane na watu wa kila aina: mzee mwenye mkongojo, mwanafunzi mwenye mkoba, mtu wa bodaboda akiwa na helmeti, mama mwenye mwavuli, muuza maziwa. Asikie honi za matatu, mvua kwenye mabati, adhana na kengele. Usimlazimishe kuvikaribia. Akirudi nyuma, mwache atazame kwa mbali akila kitu kitamu. Nawe uwe na adabu kwa majirani. Wapo waogopao mbwa, na wapo Waislamu ambao mate ya mbwa yakigusa nguo zao ni lazima waoshe kabla ya kuswali. Kumzoesha kilebu watu hakumaanishi kumwachia awarukie watu.

Ulinzi utakuja. Mbwa wengi huanza kubweka kwa maana wakiwa na miezi kadhaa, na wengi hawawi na moyo wa kusimama langoni kabla ya kutimiza mwaka au zaidi. Hata mbwa wa polisi kwa kawaida huanza mafunzo ya kazi yao wakiwa na takriban mwaka mmoja au zaidi. Mbwa anayejua hali ya kawaida ya nyumba yako, nani huja na saa ngapi, ndiye atakayekuamsha usiku pasipo kawaida. Simba wangu alibweka kwa kila kitu, paka, karatasi, upepo, hata tukaacha kuamka.

Lakini subiri, kuna tatizo. Dirisha lile la kuzoea ulimwengu linafungika wakati ambapo chanjo bado hazijakamilika, na ugonjwa wa parvo unaua vilebu hapa Nairobi. Kirusi chake kinaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Basi mbebe mikononi. Mwonyeshe stendi ya mabasi akiwa kifuani mwako, mpeleke kwa rafiki ambaye mbwa wake wamechanjwa, lakini usimwachie akanyage mahali wanapopita mbwa wasiojulikana wenyewe. Ndiyo maana nikataja lile beseni la roshani. Chanjo ya parvo na ya distempa huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi atimize wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka hapa kwetu. Dawa ya minyoo mpe kila wiki mbili hadi miezi 3, kwa kuwa minyoo yake huweza kuwaingia watoto wako. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa hicho kwa binadamu, na Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kuvimaliza ifikapo 2030. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata kilebu mdogo mwenye meno ya kuchekesha, oshea kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona dalili. Dalili zikishatokea, dawa hakuna.

Kuhusu mafunzo yenyewe nitapita haraka. Dakika 3 hadi 5 kwa wakati, mara kadhaa kwa siku, basi. Akili ya kilebu haikai zaidi ya hapo. Mfunze jina lake, kuja akiitwa, kuketi, na kuachilia kitu. Nyumba ikubaliane maneno. Nimeona nyumba ambamo baba anaamuru kwa Kiingereza, mama kwa Kiswahili, yaya kwa lugha ya kwao, na watoto kwa Sheng, kisha wanaulizana kwa nini mbwa hasikii. Na kamwe usimwite aje halafu umwadhibu. Ukifanya hivyo mara mbili tu, siku atakapokimbilia barabarani utaita hadi sauti ikauke.

Jambo jingine ambalo huwavunja watu moyo ni lile la miezi 8. Umeshinda mkojo, umeshinda meno, mbwa anaketi akiambiwa, wageni wanakusifu. Ghafla siku moja unamwita naye anakutazama kama usiyemjua. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa mbwa waliokuwa wakilelewa kwa kazi ya kuwaongoza vipofu. Walikuta kwamba wakiwa na takriban miezi 8 mbwa hao walimtii mlezi wao kidogo kuliko walivyokuwa wakimtii awali, ilhali mtu mgeni walimtii. Mzazi mwenye kijana wa kidato cha pili hahitaji kufafanuliwa zaidi. Hupita. Endelea na kazi ile ile, mfunge kamba mkitoka, na usimuuze.

Umri huo, kwa maoni yangu, ndio unaojaza mbwa wasio na kwao mitaani. Watu humnunua kilebu Desemba, na kufikia Agosti hakuna tena kilebu, kuna kijana mwenye nguvu asiyejua lolote kwa kuwa kutwa alikuwa amefungwa. Wengine husema amepelekwa mashambani, na mashamba yenyewe ukiyauliza ni kando ya barabara fulani usiku.

Utauliza: basi tusifuge? La hasha. Ila jiulize kwanza ni nani atakayekuwa nyumbani mchana. Ahadi ya mtoto wa miaka 10 kwamba atamlisha, atamsafisha na kumtoa kila asubuhi ni ya kweli kabisa siku anapoitoa, na hudumu kama wiki mbili. Mpe sehemu ya kazi, kama kujaza maji au kumfunza kuketi, lakini fahamu kuwa mbwa ni wako wewe mtu mzima. Mbwa anaweza kuishi miaka 10 hata 13. Mtoto huyo atakuwa ameenda chuo kikuu, nawe ndiye utakayekuwa ukimpikia mzee wa mbwa matumbo na ugali. Kama nyumba hukaa tupu saa 12 kila siku, kilebu hakufai. Nenda kwa KSPCA kule Karen ukaulize mbwa mkubwa kidogo. Utamwona alivyo tayari, meno na tabia, na bado utakuwa umemwokoa mtu, namaanisha mbwa.

Kwa mama wa Umoja niliandika kwa kifupi. Nyanya ni sawa, lakini kwa sharti kwamba nyanya mwenyewe anamtaka na atamchanja, asigeuzwe jaa. Mnyororo hapana. Nikamweleza habari za Simba, nikamwomba amsomee baba watoto, na nikawaomba wanipe siku 14 za kumtoa nje kwa zamu, hata baba mwenyewe zamu ya alfajiri kabla ya kwenda kazini.

Jibu lilikuja Jumatano iliyopita, safari hii mchana. Sebule imekaa kavu siku 3 mfululizo, ya nne wakasahau kumtoa baada ya chakula, ya tano ikawa kavu. Kitinda mimba ameshuka mezani, siku hizi husimama kama mti na kuwafokea kaka zake wasimame pia. Baba watoto ndiye anayemtoa alfajiri, na mama ashuku kwamba huzungumza naye huko nje. Kiatu cha kulia nacho kimetafunwa.